Kaseti ya Masika

Jumatatu, tarehe 1 Septemba. Butembo.

Mvua tangu asubuhi. Éliakim, jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, ameuza tena! Huyu mtu anachukua redio za mbao zilizokufa, anatia balbu ndani, eti taa. Élise, yule mama anayefungua kafe kule Beni, mtaa wa Bungulu, amekuja na gari akazibeba zote. Anataka kafe ya vitu vya zamani, ili vijana wa mjini waje kupiga picha. Dukani kwangu hakugeuza hata shingo. Na mimi nina thermos za maua, mashine ya kuandika isiyo na herufi A, na simu ya meza ya rangi ya chungwa! Moyo umeniuma. Hata chai haikupita.

Lakini masikio ninayo. Nimemsikia akimwambia Éliakim kwamba bado anatafuta muziki wa kaseti, wenye ule mkwaruzo wake. Éliakim ametoboa redio zake zote, hana hata moja inayoimba. Mimi ninayo. Safari hii atanitambua.

Jumatano, tarehe 3 Septemba.

Chini ya kitanda nimepata katoni ya kaseti za Nadège, mke wangu. Karibu zote zimeliwa na ukungu. Moja tu ni safi, imefungwa kwa kipande cha kitenge. Imeandikwa MASIKA, basi. Masika yupi? Kwetu Wanande mabinti wa kwanza wa nyumba ndio hao hao Masika. Ita jina hilo sokoni, nusu ya wauza viazi watageuka. Nikaona haina mwenyewe.

Nimesikiliza kidogo. Wamama wa kwaya, kwa Kinande, sauti moja inatangulia, nyingine zinafuata. Nzuri, sikatai. Lakini nani anakunywa kahawa na kwaya? Nikabonyeza kitufe cha kurekodi, kikagoma. Kumbe mtu alivunja vile vijino vya juu, ili kaseti isifutike. Kunizuia mimi! Nikaziba matundu kwa chingamu. Nimerekodi pande zote mbili: kwanza mimi mwenyewe, kwa sauti nzito ya mtangazaji, nikilisifu duka langu, kisha rumba kutoka redio ya kinyozi. Mbwa alibweka katikati. Nimemwacha, anatia uzamani.

Ijumaa, tarehe 5 Septemba.

Nimempigia Élise, nikamchezea kaseti kwenye simu. Akanikatiza hata kabla ya mbwa. Rumba amechoka nayo, kila kafe inayo. Akauliza kama sina kwaya za zamani za vijijini, za wamama, maana hizo hazipatikani popote. "Ile ningeiweka kila asubui, papa. Mais hii yako, hapana."

Nilikaa nyuma ya mashine ya kuandika nikitazama mvua. Éliakim akaja kuniuliza kama niko mgonjwa. Nikamwambia kazi zinanizidi.

Nyumbani ni pilikapilika. Kesho tunatoa matanga ya mama mkwe, mwaka umetimia. Shemeji Siméon amefika kutoka Masereka na mbuzi na maharage. Nadège amecheka, mara ya kwanza tangu msiba. Anasema kuna kitu amewawekea ndugu zake. Sikuuliza.

Jumamosi, tarehe 6 Septemba.

Sijui nianzie wapi.

Baada ya misa watu walijaa uani. Siméon akasimama, akasema mama yao aliongoza kwaya ya Masereka, padri mmoja akamrekodi, na hiyo ndiyo sauti yake pekee iliyobaki duniani. Akamtaja: Masika Perpétue. Masika! Miaka yote hii kwangu alikuwa Mama Godelive, kwa jina la dada mkubwa wa Nadège. Mkwe hamtaji mama mkwe kwa jina lake, wala haulizi. Na msalabani waliandika Perpétue tu, rangi haikutosha.

Nadège akafungua kile kitenge, akaitia kaseti kwenye redio. Nilikuwa nimeirudisha vizuri sana! Wazee wakavua kofia. Nikasikika mimi: karibuni kwa Ananie, hazina za zamani kwa bei ya leo! Mtu akacheka, akanyamaza. Nikasema ni ukungu, kaseti zinaingia ukungu. Nadège akasema tungoje, pengine mama anakuja nyuma. Tukangoja. Rumba. Mbwa. Akageuza upande wa pili. Mimi tena. Hakuzima. Aliinama mbele ya redio mpaka kaseti ikajizima yenyewe.

"Ananie," akaniuliza, "mama yangu iko wapi?"

Siméon ndiye aliyesema, polepole, akimtazama mbuzi: "Mwili tulijua fasi ya kuuzika. Sauti, tutaililia fasi gani?" Aibu iliniwaka mpaka masikioni. Nyama sikuigusa. Niliigusa kidogo.

Jumapili, tarehe 7 Septemba.

Nadège hanitazami. Amenena mara moja tu: simu yake ilipasuka, picha zote za mama ziko kwenye simu yangu, nizitunze, ndizo zimebaki. Nikaapa. Na kweli niliapa kwa moyo wote. Huzuni imenikaa kifuani kama bugali wa jana.

Jioni aliketi peke yake jikoni, akaanza kuimba. Ni ule wimbo wa kwaya, na sauti ni kama ile iliyotangulia, ila hakuna wa kuifuata. Nilisimama nje ya dirisha, machozi yakanitoka.

Halafu nikamkumbuka Élise!

Nikaegemeza simu dirishani taratibu. Ikakataa, eti nafasi imejaa. Nadège alikuwa ameshafika ubeti wa pili, hakuna muda wa kuchagua. Nikafuta picha, zote kwa mpigo. Wimbo uliobaki umeingia wote, safi kabisa, na Élise ameshaupata.

Isitoshe, mama mkwe mwenyewe hakupenda kupigwa picha.