Jina la Gordy Lisichorwe Uzioni

Ndugu Mhariri,

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa mwili, maana baada ya kusoma gazeti lako la Alhamisi nina shaka na uzima wa akili. Umewataka wasomaji wamchague mpigaji bora wa besiboli katika historia ya Lindgard, yule wa kutegemewa mchezo unapofika pabaya, ili jina lake lichorwe kwenye uzio wa uwanja, kwenye nafasi moja iliyobaki. Mji mzima unamtaja Gordy Wieczorek. Mimi, niliyeandika daftari la mechi za timu yetu kwa miaka thelathini na minne, napinga kwa sababu zifuatazo.

1. Gordy huokoa mchezo aliouharibu mwenyewe. Daftari halina mjomba: zamu ya pili, kapunga hewa kwa gongo lake, mpira ukapita. Ya tano, kapunga hewa. Ya saba, kapunga hewa huku akitafuna mbegu za alizeti. Ya tisa, ambayo ndiyo ya mwisho, tukiwa roho mkononi, ndipo anaugonga mpira na watu wazima wanalia. Akiulizwa husema, "Mimi ni kama trekta la marehemu baba, jamani, mpaka lipate moto!" Mtu akichoma ghala kisha akaleta ndoo ya maji, kwingine hufungwa. Sisi tunamchorea jina.

2. Gongo peke yake halileti ushindi. Lazima awepo mwenzake aliyekwisha kufika kituoni, akimbie vituo vyote, akikikanyaga kila kimoja, hadi nyumbani pale anaposimama mpigaji, ndipo tupate pointi. Mwenzake huyo, mara arobaini na moja, alikuwa marehemu mume wangu, Lloyd. Kila Jumamosi alimwambia Gordy mbele za watu, "Bila miguu yangu, bwana wee, gongo lako ni kuni tu!" Gordy alicheka, akamnunulia soseji. Mwenye hoja angejibu.

3. Hana adabu. Fainali ya 1994 dhidi ya Cold Fork, zamu ya tisa, tumebakiza nafasi moja tu. Gordy akagonga. Lloyd akatoka kituo cha kwanza mbio, akafika nyumbani, tukashinda. Je, shujaa wenu alimkumbatia Lloyd? Thubutu! Alikatiza uwanja akamnyanyua Delmar Quist, mlinzi wa kituo cha tatu wa Cold Fork, ambaye maskini alikuwa amefungua kinywa aseme neno. Akambeba begani kama gunia la mbegu hadi kibanda cha soseji, akipiga kelele, "Huyu leo anakula kwangu! Njooni nyote!" Cold Fork wote wakatoka uwanjani kufuata harufu. Ninyi mliuita uungwana. Mimi nauita ulafi.

4. Kama kufanya vyema wakati wa kubanwa ndiyo sifa, basi achorwe ng'ombe wa Arvid Solem, aliyezaa pacha katikati ya dhoruba ya theluji umeme ukiwa umekatika. Yeye hakupunga hewa mara tatu kwanza.

Kwa hiyo uzioni pachorwe Lloyd Haugerud. Alifariki Februari, na nikikaa na daftari langu nataka niinue macho nimwone. Nasema hivyo bila haya.

Nisalimie mama yako, na vijana wote wa mtambo wa kuchapa. Gordy usimsalimie, nitamwona kanisani.

Wako mwenye uchungu,
Verna Haugerud
Mwandishi wa daftari

Baada ya sahihi: Sehemu hii usiichape. Lloyd hakukikanyaga kituo cha tatu siku ile. Alikiruka, kosa linalofuta pointi, na nilimwona. Kanuni inamkataza mwandishi kusema. Wapinzani ndio wanaopaswa kudai kwa mwamuzi, na wakishatoka uwanjani haki yao imekufa. Miaka yote nilidhani siri ni yangu peke yangu. Ni leo, nilipokuwa nikiandika sababu ya tatu, ndipo nilipoelewa Delmar alitaka kusema nini, na kwa nini Gordy alikimbilia pale. Akakaa kimya miaka thelathini, akisikiliza habari za miguu ya Lloyd na kununua soseji. Lloyd amekufa hajui. Barua sitaiandika upya, lakini kura yangu imo ndani ya bahasha. Nimeandika Gordy. Herufi ziwe kubwa.