Mlezi wa Kitabu cha Minazi

Jumatatu, 3 Novemba
Nimekipata! Kitabu cha minazi ya Pwani, kurasa mia moja na sitini, kazi ya matbaa ya chuo kikuu. Chama chetu cha wasomaji hapa Timbwani kimepewa nakala mbili. Moja ninailea mimi. Ya pili kapewa Mwende, msusi, jirani yangu ukuta kwa ukuta. Afadhali wangempa mtu mwingine yeyote!

Shindano lenyewe liko hivi. Nyuma ya kila nakala pana kadi. Anayemaliza kusoma anatia sahihi na kuandika maoni mafupi. Tarehe kumi na tano ni tamasha la vitabu, ukumbi wa kanisa, Likoni. Nakala yenye wasomaji wengi ndiyo mshindi, na jina la mlezi wake litachapishwa katika toleo lijalo. Absalom Munga, kwa wino! Miaka kumi na minne ni karani wa ghala Changamwe, naandika majina ya wenzangu. Sasa zamu yangu.

Mama kaniomba nimsomee. Macho yake yameingia ukungu. Anasema watu wa chuo walikwenda Kaloleni na kinasa sauti, wakakaa na marehemu baba siku mbili wakimuuliza habari za ugema. Anataka kujua kama wamemtia kitabuni. Nimemwambia kesho.

Jumanne, 4 Novemba
Nimepiga hesabu. Kila msomaji akikaa nacho siku mbili, nitapata watu sita. Sita! Kusoma kunachelewesha mambo. Nimeamua watie sahihi kwanza, wasome wakipata nafasi. Si udanganyifu. Ni mpangilio tu.

Nimeanzia banda la kusubiri feri. Mzee mmoja kaniuliza kama ni malalamiko ya feri kuchelewa. Nikasema ndiyo. Katia sahihi, na mkewe pia, kwa hasira. Nimefika watu kumi na sita, lango likafunguliwa, wote mbio, na kalamu yangu ikavuka nao.

Mama kauliza tena. Kesho.

Alhamisi, 6 Novemba
Mwende ni jasusi. Jioni kanisimamisha mlangoni kwake, kauliza kama nimefika ukurasa wa arobaini na moja. Nikamwambia nimeupita zamani. Kauliza kama nilifurahi. Sana, nikasema. Na mama je, alisemaje? Naye alifurahi, nikasema. Akaniangalia muda mrefu, kisha akarudi kwa mteja wake.

Ananichunguza kasi yangu, huyo! Mwenyewe ana wasomaji kumi na watatu tu. Wanawake wanakaa kwake saa nne nzima wakisukwa, mmoja anasoma kwa sauti, wengine wanasikiliza na kubishana. Kazi ya kobe.

Jumatatu, 10 Novemba
Leo nimejivunia akili yangu. Ghalani kwetu vibarua hutia sahihi daftari la mahudhurio langoni, saa kumi na mbili unusu, usingizi bado machoni. Nimegundisha karatasi za ziada kwenye kadi, nikaitandaza juu ya daftari. Wamepanga foleni wenyewe. Sahihi themanini na sita kabla ya chai!

Saa nne msimamizi wetu, Nyale, kafungua daftari. Tupu. Kwa mujibu wa daftari hakuna mtu kazini leo. Kanikaripia mbele ya watu, kisha kaniamuru nizunguke ghala lote na jua hili, nimtafute kila kibarua aandikwe upya. Miguu imevimba. Lakini nina mia moja na mbili.

Ijumaa, 14 Novemba
Nimemtilia Mama sahihi mwenyewe, yenye mikia mizuri. Maoni: “Kizuri sana.” Kauliza naandika nini. Nikamwambia mambo ya kazini.

Baadaye kachukua mkongojo, kasema anakwenda kwa Mwende kusukwa. Kusukwa! Nywele zenyewe ziko wapi? Kakaa huko mpaka magharibi, karudi macho mekundu. Labda ni moshi wa jiko. Sijali. Kesho ni siku yangu, na shati nimelipiga pasi mara mbili.

Jumamosi, 15 Novemba
Pangekuwa na shimo ningeingia.

Ukumbi ulijaa. Mwende wasomaji ishirini na wanne, mimi mia moja na watatu. Nilikwisha kusimama kupokea makofi. Dakta Pascalia, mhariri wa matbaa, akasema kwanza asome maoni yangu machache. Akavaa miwani. La kwanza: “Saa kumi na mbili na dakika arobaini.” La pili: “Geti la pili.” La tatu: “Kofia ya kazi nimesahau nyumbani.” Watu wakaanza kucheka. Nikaeleza kwamba wasomaji wangu ni watu wa maneno machache.

Kisha akafunua kitabu. Ukurasa wa thelathini na tatu mpaka wa arobaini na nane, zote nyeupe pe! Kosa la kiwandani. Nakala hiyo wameitafuta wiki mbili waibadilishe.

“Bwana Absalom,” kasema, “wasomaji mia moja na watatu, hata mmoja hakuuliza?”

Nikasema tulidhani ni mahali pa kupumzika.

Hayakuishia hapo. Jina la Mama lilikuwa kwenye kadi zote mbili. Kwangu mikia. Kwa Mwende, dole gumba lenye mafuta ya nywele. Mama amekaa mstari wa mbele. Hakuna mtu Timbwani asiyejua Mama hutia dole gumba.

Mwende kapewa ushindi. Badala ya hotuba, kafungua ukurasa wa arobaini na moja, kamshika Mama mkono, kasoma. Ni maneno ya baba:

“Mnazi wa tatu kutoka kisimani nimemwachia mwanangu Absalom. Kupanda anaogopa. Lakini anajua kusoma, basi haya ninayoyasema atamsomea mamake.”

Mama alikuwa akiitikia kwa kichwa, kama anayezungumza na mtu aliye hapo hapo. Jina langu lilikuwemo siku zote. Kwa wino. Nimelia mbele ya watu, na sikuona haya.

Jumapili, 16 Novemba
Dakta Pascalia amenipa nakala nzima. Nimeusoma ule mstari wenye jina langu mara saba. Kurasa nyingine bado. Mama ameketi kitini tangu tutoke kanisani, anataka nianze ukurasa wa kwanza, taratibu, nisiruke hata neno.

Nitaanza. Ila Dakta alisema mwakani shindano linarudi, na nakala hii ina kadi mpya, safi kabisa. Wazo likanijia wakati wa sala. Nani anakijua kitabu hiki kumshinda baba? Aliyesema mwenyewe ahesabiwe! Nimemwandika wa kwanza: Munga Boga. Maoni: “Kizuri sana.”

Mama anauliza naandika nini. Nimemwambia mambo ya kazini. Kumsomea, kesho.