Ombi la Bwana Tarumbeta

Jumatatu, 3 Juni
Nimekipata! Chumba cha ziwani, kina roshani. Jumba lenyewe lina wenyewe wengi, kila mmoja na wiki yake moja kwa mwaka, asiyeitaka huikodisha. Wiki inayoanza Jumamosi ni ya mama mmoja, mwalimu mstaafu. Nimetuma ombi. Ana siku mbili za kukubali au kukataa. Mke wangu ameshona nguo za watu miaka kumi na minane, miguu inamvimba. Mwaka jana nilimwahidi mapumziko, tukaishia kwa kaka yangu, akaosha vyombo vya watu tisa. Safari hii nimemwambia chumba tumeshapata. Ombi, chumba, tofauti iko wapi?

Jumanne, 4 Juni
Kimya. Mtandao unasema kuna waombaji wengine wawili. Subira huvuta heri, sawa, lakini heri ya nani? Kisha akili ikanijia! Nimetuma ombi lingine kwa jina la Bwana Tarumbeta. Ana mbwa wanne na hupuliza tarumbeta kila alfajiri. Mwalimu akimsoma huyo, mimi nitaonekana malaika.

Jumatano, 5 Juni
Amemkubali Bwana Tarumbeta! Mimi amenikataa, kwa adabu. Ameandika kwamba marehemu mumewe alikuwa akipuliza tarumbeta kwenye roshani ile ile, na tangu amzike hajaisikia tena. Jumamosi atakuja mwenyewe na funguo, asikilize. Nimeona aibu. Hati ya chumba ina jina la Bwana Tarumbeta, na mapokezi hawampokei mwingine. Mke wangu anapanga sanduku huku anaimba.

Ijumaa, 7 Juni
Nimeazima tarumbeta kwa fundi baiskeli. Nilipopuliza, jirani alikuja kuuliza nani anaumwa. Mke wangu akanibana, nikatapika ukweli wote. Hakunifokea, na hilo ndilo lililoniuma. Alisema njia ya mwongo ni fupi, ila yangu haifiki hata mlangoni. Akachukua simu yangu, akajifungia jikoni akiongea na mwalimu saa nzima.

Jumamosi, 8 Juni
Tuko ziwani! Hati sasa ina jina la mke wangu. Mimi nimeandikwa mgeni wake. Mwalimu alinitazama juu mpaka chini, akasema kwa kuwa tarumbeta nimekuja nayo, nipulize. Nikapuliza. Alicheka hadi machozi, kisha machozi yakaendelea bila kicheko, mke wangu akamshika mkono. Sasa wawili hao wametumbukiza miguu majini, wanapiga soga kama dada. Nimefurahi, sifichi. Nimeapa kuanzia leo ni ukweli mtupu.

Jumapili, 9 Juni
Mwalimu amefungua maombi ya mwakani. Mke wangu kaniambia nitume moja tu, kwa jina lake, basi. Nimetuma, neno kwa neno.
Na lingine la akiba. Bibi Kinanda, mjane, paka sita.