Ng'ombe Arobaini Ndani ya Simu

Jumatatu, 3 Machi 2025. Kashojwa.
Mzee Eliezeri ametamka: nilete mahari ya ng'ombe wawili kabla Jumapili haijaisha, la sivyo binti yake Mutesi anaolewa na Gasore. Gasore! Anachunga ng'ombe kule Endiinzi, ananuka maziwa! Mimi nina tokeni 400, pesa za kidijitali, kwenye simu, kila moja dola moja, jasho la mwaka mzima wa kutafsiri mtandaoni. Zinatosha ng'ombe mmoja tu. Akili, Yonatani, akili!

Jumanne, 4 Machi.
Nimezihamishia mnyororo mwingine, yaani mtandao mwingine wa tokeni, eti ada yake ndogo. Simu haikuitambua tokeni, ikataka nijaze maelezo yake mwenyewe. Kisanduku kikauliza: desimali ngapi? Nikaandika sifuri. Vipande vya nini? Nataka nzima. Mungu wangu! 396,000,000! Sielewi. Lakini nielewe ya nini?

Jumatano, 5 Machi.
Mbele ya wazee wa kanisa nimemgawia Mzee Eliezeri ng'ombe arobaini. Kwetu ng'ombe akishatajwa kwa mdomo ametoka, harudi. Mzee ameniita mwanangu! Gasore akauliza wako fasi gani. Nikamjibu wako kwenye simu. Wivu tu.

Alhamisi, 6 Machi. Mbarara.
Umwiza, dada wa duka la simu anayenunua tokeni, amenicheka mpaka akashika meza. Eti kule tokeni moja hukatwa vipande milioni, ndiyo desimali sita. Nikiandika sifuri, simu inahesabu kila kipande kama tokeni nzima. Akajaza sita. 396! Nikamwambia arudishe zangu. Akasema hakuna kilichoibwa. Kichwa kinaniuma.

Ijumaa, 7 Machi.
Mutesi amemtuma dada yake, Mukandoli. Eti niuze zote leo, ninunue mtamba mmoja. Mutesi mwenyewe atamlilia baba yake asubiri wa pili. Ananipenda! Nimelia kweli. Lakini nimetaja arobaini halafu nilete mmoja? Aibu, bwana.

Jumamosi, 8 Machi.
Nimempigia Umwiza: hakuna mnyororo wenye desimali nyingi zaidi? Akasema upo, wenye kumi na nane. Akauliza kwa nini. Nikakata simu.

Jumapili, 9 Machi.
Gasore ameleta wawili. Wanalia mlangoni kwa Mzee, naye amewapokea. Mutesi amepita bila kuniangalia. Moyo umeniuma sana, lakini nilikuwa nahamisha. Kisanduku kikauliza tena. Sifuri! Namba haienei kwenye kioo. Nimemwandikia Mzee awarudishe wale wawili upesi, maana zizi halitatosha.