Kipaza Sauti Kilikuwa Mkononi Mwangu

Jumatatu, 4 Agosti

Nimekuwa mtu maarufu na hakuna anayejua. Sinema mpya imeanza leo ukumbini kwetu, ya mapenzi na kuchekesha, na imeandikwa na mchumba wangu wa zamani. Hapa nitamwita Mwandishi. Jina lake bado linanichoma nikiliandika. Kazi yangu ni ileile: kukata tiketi mlangoni, kuzima taa, kufukuza wanaolala. Wiki hii nimeongezewa moja. Filamu ikiisha, napitisha kipaza sauti ili watazamaji watoe maoni, na Mwandishi anakaa jukwaani kuwasikiliza. Hakunipa mkono. Alinitikisia kichwa tu na kukaa.

Hadithi yenyewe ina dada mmoja na wanaume wawili. Wa kwanza nimempa jina la Shati Jeupe. Mtanashati, ana maneno, anasoma ujumbe hajibu, anatoweka mwezi mzima kisha anarudi na maua. Wa pili ni Chupa ya Chai. Kimya, hana mbele wala nyuma, kila jioni anampelekea chai hospitalini mama mgonjwa wa yule dada. Mwishoni wote wawili wamempigia simu, dada ameshika simu yake hajui ampigie nani, giza. Tamati bado haijarekodiwa. Mwandishi amesema ataiandika kufuatana na maoni ya wiki nzima.

Shati Jeupe ni mimi. Hakuna ubishi. Nina shati jeupe. Nina maneno. Na kutoweka nilitoweka kweli: nilijifanya nimepata kazi mbali ili Mwandishi anikumbuke, kumbe niko kwa dada yangu mtaa wa pili, nachungulia dirishani. Alinikumbuka, nasikia. Kisha akazoea. Hiyo ndiyo sehemu ambayo sikuipangia.

Watazamaji wa leo wamenichambua kama karanga. Dereva mmoja wa teksi amesema mtu wa namna ile angemshusha katikati ya barabara. Wanafunzi wamepiga makofi. Wanawake wa safu ya nne wamesema wote kwa pamoja kwamba Chupa ya Chai ndiye mume. Nani hubeba chupa ya chai hospitalini wiki nzima? Uongo mtupu wa sinema.

Lakini nimepata wazo. Watu wakimsamehe Shati Jeupe, Mwandishi naye atanisamehe. Na nani anayeamua watu gani wasikike? Mwenye kipaza sauti.

Jumanne, 5 Agosti

Leo nimechagua nyuso. Mwanamke aliyekunja midomo, nampita. Mwanamume anayetazama viatu vyake kwa aibu, huyo ni mwenzangu, nampa. Watatu kati ya hao wamemtetea Shati Jeupe kwa moyo wote. Mmoja alikaribia kulia, na mkewe akahama kiti.

Nimemleta pia kinyozi wangu, kwa ahadi ya kuingia bure hadi mwisho wa mwaka. Amesema maneno niliyomfundisha: mwanamume wa chai ni wa kumsaidia mtu kazi, si wa kuolewa naye. Ukumbi mzima ulicheka. Niliona Mwandishi akiandika.

Kero ni moja. Yuko mama mmoja muuguzi mstaafu, anakaa safu ya mbele, amekuja jana na leo. Ananyoosha mkono wote mpaka begani, kisha ananinyooshea kidole. Mimi! Ni wazi ni shabiki wa Chupa ya Chai na anataka kuniharibia. Nilijifanya waya umenasa kwenye kiti na nikageuka upande wa pili.

Jumatano, 6 Agosti

Zamu ya dada yangu. Nilimwambia alie Shati Jeupe anaporudi na maua. Akalia kwenye matangazo, kabla filamu haijaanza. Alisema alitaka kuwa na uhakika.

Nilipompa kipaza sauti alisahau yote niliyomwambia, akasema Shati Jeupe anamkumbusha mdogo wake, mtu mwenye moyo mzuri ila akili zimemkimbia, na kwamba mtu kama huyo ukimwacha atakufa njaa. Nilitaka kuchomoa waya ukutani. Lakini watu waliguswa! Bibi mmoja amesema ni kweli, wapo watu wa kusamehewa kwa kuonewa huruma tu. Sikupenda sababu yake. Nimeichukua hivyohivyo.

Mwandishi leo alikuja na mtu. Dalali wa nyumba. Simu yake iliita filamu ikiendelea na nikalazimika kumfuata kwa tochi. Baadaye nilimsikia Mwandishi akimweleza meneja kwamba yeye na dalali hawako pamoja lakini hawajaachana, wanazungumza. Meneja alisema siku hizi ndiyo hivyo, hata yeye hajui yuko wapi na mkewe. Sikumhofia yule dalali. Alichelewa, hakuomba radhi, akaondoka kabla ya mwisho, akarudi na maua ya kununua hapo nje. Si mtu wa kuwekwa kwenye sinema.

Ijumaa, 8 Agosti

Upepo umegeuka. Sihitaji tena hata kuchagua. Maneno ya kinyozi yamesambaa, leo watu watatu nisiowajua wameyasema kama yao. Chupa ya Chai akitokea tu na chupa yake, ukumbi unaanza kucheka. Kijana mmoja amesema yule si mpenzi, ni mpishi. Mume na mke wamegombana kwa sababu mke alimtetea, na mume akamuuliza alikuwa anampelekea nani chai. Niliwaacha wakagombana kwenye kipaza sauti mpaka meneja akanikonyeza.

Katikati ya vicheko Mwandishi alinitazama. Muda mrefu. Nilimpa tabasamu langu la zamani na kurekebisha ukosi wa shati. Aliinamisha macho. Nadhani ameanza kulainika.

Muuguzi Mstaafu alinivizia nje ya ukumbi, karibu na choo. Aliniuliza kama mguu wa mama umepona vizuri. Nilimjibu kwamba miguu ya mama yangu haijawahi kuugua hata siku moja. Alishangaa, akaanza kueleza jambo, nikamwambia muda wa maoni umekwisha. Masikini, uzee.

Jumapili, 10 Agosti

Sijui nianzie wapi. Nianzie na shati. Nililipiga pasi mara mbili.

Ukumbi ulijaa. Maoni yakapita, karibu wote upande wangu. Kisha Mwandishi akasimama. Alisema alianza wiki akiwa na mashaka na Shati Jeupe, ila watazamaji wamemfundisha kwamba mtu anayepotea anaweza kusamehewa. Akamtaja kinyozi. Akamtaja dada yangu aliyelia. Akasema tamati ameipata: dada atampigia simu Shati Jeupe.

Nilishaanza kwenda jukwaani. Nilikuwa nimefika safu ya pili, kando ya ukuta.

Akasema tena kwamba si kwenye filamu tu. Watu wamemshawishi hata nyumbani kwake. Akamwonyesha mtu aliyeketi pembeni, ambaye ndiye Shati Jeupe mwenyewe, na ambaye amekubali kumrudia. Dalali akainuka, simu sikioni, akatupungia mkono. Shati jeupe. Limepigwa pasi vizuri kuliko langu.

Watu walipiga makofi. Na mimi nilipiga, nikasahau kwamba nimeshika kipaza sauti, na spika zote zikatoa mlio uliomfanya mtoto mmoja aangue kilio. Nilimwelewa kabisa yule mtoto.

Ndipo Muuguzi Mstaafu akasimama. Hakuomba kipaza sauti, ana sauti ya wodi. Alisema ni haki yao kuchagua, ila yeye ameumia, kwa sababu Chupa ya Chai anamjua. Wodi ya mifupa, mwaka juzi. Kijana alikuja kila jioni na chupa yenye kifuniko cha bluu, akimwangalia mama mmoja aliyevunjika mguu, na chai ikibaki anawamiminia wagonjwa wa vitanda vya jirani. Amekuwa akinyoosha mkono wiki nzima ili aseme hivyo. Na kijana mwenyewe, akasema, ni yule pale.

Vichwa vyote viligeuka. Na mimi niligeuka. Nyuma yangu kulikuwa na ukuta.

Basi ikanijia. Mama yake Mwandishi alianguka kwenye ngazi. Chai ya hospitali ilikuwa ya baridi na yeye hapendi chai ya baridi. Nilimpelekea ya moto. Ni hilo tu. Sikumwambia mtu, sikuwa na shabaha yoyote, na sikutegemea chochote. Mipango yangu yote naikumbuka, hata ile iliyoharibika kabla ya kuanza. Hili halikuwa mpango, ndiyo maana nililisahau.

Nilimfuata Mwandishi kwenye ujia. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. Alisema aliiandika ile filamu ili niione. Alingoja wiki nzima niseme neno moja. Kila siku aliniona nikimpelekea kipaza sauti kila anayemcheka mtu wa chai, na kumpita yule mama wa mbele aliyetaka kumsifu. Akaona basi, hilo ndilo jibu langu.

Nilimwambia nilidhani mimi ni Shati Jeupe. Aliniuliza ni nani aliyeniambia hivyo. Dalali alimwita kutoka mlangoni, akaenda.

Nimekunja waya. Nimefagia karanga chini ya viti. Nimekaa kwenye kiti cha Muuguzi Mstaafu, safu ya mbele, nikajaribu kunyoosha mkono kama yeye. Bega linauma. Natamani ningempa kipaza sauti hata mara moja.

Jumanne, 12 Agosti

Siku mbili za huzuni zinatosha. Nimenunua chupa ya chai. Kubwa, kifuniko cha bluu. Ilinibidi nizunguke maduka yote, wana nyekundu tu.

Hesabu ni rahisi. Kama chupa ndiyo iliyomgusa Mwandishi, basi chupa. Jioni nikaenda kwa mama yake. Alifungua mlango mwenyewe, anatembea vizuri mno. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, akanikumbatia, akaniuliza nani anaumwa. Nikasema hakuna, nimeleta kwa tahadhari. Akasema nimekuja wakati mzuri, maana yupo mgonjwa. Dalali alikuwa kwenye kochi, chini ya blanketi, ana mafua.

Nilimmiminia. Kikombe cha kwanza alisema sukari kidogo. Cha pili alisema ni ya moto mno, nikampulizia. Nilikuwa napuliza Mwandishi alipoingia kutoka kazini. Alisimama mlangoni akatutazama. Macho yake yalilowa, niliona mwenyewe. Akasema ahsante sana, kaka.

Hajawahi kuniita kaka. Nimeliwaza neno hilo njia nzima na nimeona ni hatua kubwa, maana jana hakuwa akiniita chochote. Dalali anakohoa vibaya, hatapona leo wala kesho. Kesho nitaongeza sukari. Na nitavaa shati jeupe.