Ganzi ya Upande Mmoja

Jumatano, 3 Septemba

Jino la chini kulia limeniamsha tena. Nimelishukuru. Mashindano ya kula pilipili ni Jumamosi, na katika ukoo wetu anayeshindwa huosha masufuria yote ambayo mama mkwe hupikia tamale zake za unga wa mahindi na nyama siku ya Krismasi. Nimeosha miaka sita mfululizo. Leo dukani shemeji Filadelfio kaniuliza kama mikono yangu imeshakauka. Nikacheka tu. Hajui kwamba asubuhi ya mashindano nakwenda kuziba jino. Mdomo wenye ganzi hausikii pilipili.

Ijumaa, 5 Septemba

Nimempigia simu Daktari Trujillo, nikamwomba anitie ganzi mdomo mzima, pamoja na ulimi, na koo akiweza. Akasema kutia ganzi ni kuzuia maumivu pale anapotibu, si kupaka ukuta rangi. Atatia upande wa jino bovu, basi. Na nisile chochote mpaka iishe. Hilo la mwisho nimelisikia kwa sikio moja.

Jumamosi, 6 Septemba

Saa nne, jino limezibwa. Saa sita, niko uwanjani nyuma ya kanisa, nusu ya uso imelala. Pilipili tano za kwanza nimezitafuna upande wa kulia kama matango. Filadelfio anavuja jasho, ananitazama kwa heshima, mara ya kwanza tangu harusi yangu.

Ya sita nikaimeza. Koo halikuwa na habari ya ganzi. Nimelia mbele ya padri. Ndipo mke wangu Orlinda akauliza mbona natafuna shavu langu mwenyewe. Kumbe kweli, tena kwa bidii, tangu pilipili ya tatu. Mwamuzi akaona damu, akanitoa. Mwaka wa saba huo.

Jumatatu, 8 Septemba

Daktari kanitia ganzi tena, akashona shavu. Akauliza kama sasa nimeelewa: ganzi huondoa maumivu, jeraha hubaki. Nikaitikia kwa kichwa.

Nje nikamkuta Filadelfio na bakuli la supu. Kanipa pole ya kweli, akasema Krismasi tutaosha pamoja. Ningekubali, yakaisha. Lakini nilijisikia mzima mno. Nikamwambia turudiane mwisho wa mwezi. Hakunielewa hata neno, ikabidi nimwandikie.

Miadi nimeshapanga. Safari hii natibiwa pande zote mbili. Jino la kushoto ni zima kabisa, kwa hiyo kesho naanza kulilalamikia.