Kiti cha Mama Mukwe

Théophile alipoona mahema sita yamekunjwa katika ghala la Papa Hubert, alivua kofia yake taratibu, kama mtu aliyeingia kanisani misa ikiwa imeanza.

Ilikuwa Julai 1963, katika mji wa Albertville, ambao leo tunauita Kalemie. Papa Hubert alikuwa amenunua kwa bei ya huruma vitu vya Wazungu waliorudi kwao: viti vya kukunja, beseni za kuogeshea watoto, hata piano moja yenye meno nusu. Vyote vilipata wenyewe, isipokuwa mahema.

"Chukua, mutoto wangu, yananijazia nyumba," alisema Papa Hubert. "Nani atalala ndani ya nguo na yeye ana ukuta?"

"Muntu mukubwa, Papa."

"Muntu mukubwa analala kwa kitanda."

"Siku za kazi tu. Jumamosi analala mlimani, chini, na baridi. Bazungu walifanya nini kila Jumamosi? Walipanda mlima. Uliwaona wakirudi namna gani?"

Papa Hubert alikuna kidevu. "Walirudi wekundu."

"Njo afya ile, Papa. Ndiyo yenyewe."

Mahema yakahama kwa bei ya godoro kuukuu.

Ni haki kumtambulisha Théophile kwa msomaji, maana yeye mwenyewe hakuwahi kujitambulisha mara mbili kwa namna moja. Alikuwa na miaka thelathini, meno mazuri, na viatu vyeusi vilivyong'aa hata katika vumbi. Wiki tatu kabla ya hapo aliishi Kabalo, ambako alimwuzia mfanyabiashara aitwaye Banza kiboko aliyefugwa. Kiboko alikuwepo kweli, pale mtoni, ila mwenyewe hakuwa na habari kwamba amefugwa. Banza alikwenda na kamba kumchukua mnyama wake, na jinsi alivyorudi ilisimuliwa katika kila kituo cha reli. Sasa wasafiri walileta salamu: Banza atafika Albertville kwa gari la moshi la Jumatatu, na ndugu zake wawili wenye mabega.

Théophile hakupenda kupokea wageni kituoni. Alikwisha kununua tiketi ya meli ya kwenda Kigoma, Jumapili saa kumi alasiri. Ila kufika Kigoma mikono mitupu ni kufika kama maskini yeyote, na moyo wake haukuzoea hivyo. Alihitaji gunia moja tu, lililojaa vizuri.

Basi alichora kibao. Kwa rangi nyeupe aliandika PARC NATIONAL, na chini yake, kwa herufi ndogo za unyenyekevu, KAMBI. Akavaa kaptula ya kaki na kofia ngumu ya Mzungu, akawa Bwana Konservatere, mlinzi mkuu wa mbuga ya taifa ya Mlima Lukomba. Mlima huo ulikuwepo tangu uumbaji, juu ya njia ya Zongwe, na ulikuwa na nyani, majani na upepo. Kwa kuwa mbuga ilikuwa haijawahi kuwepo, hakuna aliyeweza kusema sheria zake si zile.

Wa kwanza kunasa alikuwa Camille, karani wa reli, aliyepandishwa cheo mwezi wa tano na ambaye tangu hapo alitafuta mahali pa kukionyesha.

"Mahema ni sita tu," Théophile alimwambia, akitazama pembeni kama mtu mwenye haya. "Watu wa biro, wakubwa wa ofisi, wengi wameomba. Sijui kama nitaweza."

"Niandike mimi na Elisabeth wangu!"

Wa pili alikuwa Barthélemy wa duka la vitenge, ambaye asingekubali Camille alale mlimani peke yake. Wakafuata wengine saba. Lakini Barthélemy alikuwa mfanyabiashara, na mfanyabiashara huuliza.

"Bwana Konservatere, wewe unafahamika na nani hapa mjini?"

Swali lilikuwa baya. Théophile alitabasamu, akaenda kutafuta jibu lake sokoni.

Jibu liliitwa Mama Emérance. Aliuza ndagala, dagaa wa ziwani, na nusu ya mji ilikuwa imekula kwa mkono wake. Alikuwa mjane, mnene, mwenye goti bovu na macho yaliyopima samaki na watu kwa wakati mmoja. Binti yake, Lucie, alifundisha darasa la pili. Théophile alipeleka posa: jogoo mwekundu na chupa ya divai, mbele ya mashahidi wawili, Papa Hubert na huyo huyo Barthélemy. Jioni ile mji mzima ulijua kwamba Konservatere ni mukwe wa Mama Emérance, na hakuna aliyeuliza tena anafahamika na nani.

Kulikuwa na faida nyingine, na hapo Théophile alijipongeza sana. Kwa mila ya watu wa pale, mukwe hatazamani uso kwa uso na mama wa mchumba wake. Wakikutana njiani, kijana anaingia majanini. Haketi alipoketi mama huyo, hagusi kitu chake, hasemi naye ila kwa kupitia mtu mwingine, mpaka siku atakapotoa zawadi ya kufungua macho. Kwa hiyo mwanamke mwenye macho makali kuliko wote mjini asingeweza kumhoji hata neno moja. Mila ilimjengea ukuta, bure.

Jambo moja tu hakulipima. Théophile alilelewa na bibi yake kijijini. Alikuwa tayari kudanganya karani, padri au kiboko, lakini Mama Emérance alipotokea kona ya soko, miguu yake iliruka majanini kabla hajaiamuru. Kichwa chake hakikuamini mambo hayo. Miguu yake iliyaamini.

Jumamosi walipanda. Mama Emérance alikuja kupika, akipumzisha goti kila baada ya hatua mia, na Konservatere akatembea mbele sana, akikimbia kila aliposikia sufuria zake zikigongana. Juu, mbele ya kibao, alisoma sheria.

"Sheria ya kwanza: chochote kinachong'aa au kinachosema tik-tik kinawekwa kwa Konservatere. Nyani wa mbuga hii ni wezi sana. Saa, redio, pete, hereni."

"Hata pete ya ndoa?" aliuliza Elisabeth.

"Mama, hiyo njo wanaipenda zaidi."

Camille alikumbatia redio yake kubwa kama anayeaga mtoto wa shule ya bweni, kisha akaitia katika gunia. Ikafuata saa ya dhahabu ya Barthélemy, na nyingine, na nyingine. Nyani mmoja alikaa juu ya jiwe akitazama yote, na ninadhani alikuwa mtu mwenye haya kuliko wote pale.

Giza lilipoingia baridi ilikuja kweli. Watu wakubwa wa Albertville walijifunga mablanketi hadi puani, wakaambiana kwa meno yanayogonga kwamba wanajisikia vizuri sana. Mama Emérance aliwapikia jogoo mwekundu kwa bukari, ugali wa kwao. Théophile aliutambua ule mguu katika sahani yake, akaula kimyakimya.

Lucie alikuja kukaa upande wa pili wa moto. Alikuwa msichana wa maneno machache, na yale machache aliyachagua.

"Koti lako nilipiga pasi," alisema. "Jana lilikuwa na mikunjo mingi, nikanyoosha hata mifuko."

"Asante, Lucie."

"Mama ana dada yake Kigoma. Hawajaonana tangu kabla ya uhuru. Kila mwaka anasema ataenda, na kila mwaka kunatokea kitu." Alisukuma kijiti motoni. "Théophile, wewe unaujua mlima huu kweli?"

Kwa nukta moja, na niamini kwamba nukta hiyo ilikuwepo, alitaka kumwambia hapana. Kisha akasema, "Kama kiganja changu," na Lucie akamtazama kwa huruma, akaenda kulala.

Asubuhi Théophile alishuka kijitoni kunyoa ndevu. Aliporudi alipanga watu kwa safari ya kileleni: huko, alisema, mtaona ziwa lote, na mkiwa na macho mema mtaona hata Kigoma. Lucie alijitolea kuwaongoza, na kapu kubwa la chakula mgongoni. Walipanda wakicheka, wamejifunga makoti mazito, na Théophile akahesabu moyoni: saa mbili kwenda, saa mbili kurudi. Yeye saa nane atakuwa bandarini.

Akaingia katika hema lake. Gunia halikuwemo.

Njia ya kushuka mjini ilikuwa moja tu, nyembamba, katikati ya miamba miwili. Na katikati ya njia hiyo, juu ya kiti cha kukunja, alikaa Mama Emérance akichambua maharage. Chini ya kiti, kati ya miguu yake, gunia lilikuwa limejaa na kufungwa.

Miguu ya Théophile ilimtupa nyuma ya mwamba.

Alingoja. Maharage yalikuwa mengi. Hakukuwa na mtu wa kupitishia neno; nyani alikuwa ameondoka. Mwishowe Mama Emérance aligeukia chombo kilichokuwa pembeni yake.

"Wee sufuria," alisema, "nimesikia muntu anapumua nyuma ya jiwe. Muulize mukwe wangu kama ni mugonjwa."

Théophile alijibana kwenye mwamba. "Sufuria, mwambie Mama mimi mzima. Nimekuja kuchukua gunia la serikali."

"Sufuria, mwambie nimelilinda, kwa sababu ya nyani. Aje alichukue."

"Sufuria, Mama anajua siwezi! Liko chini ya kiti chake!"

"Ee, kweli." Punje kadhaa zilianguka katika sufuria. "Basi mukumbushe kwamba mpaka leo sijaona zawadi ya kufungua macho. Akinifungua macho, nitasimama."

Tik-tik, tik-tik, lilisema gunia. Sauti ile ilimpoza Théophile moyo. Alitupa kofia ngumu ikapita juu ya mwamba.

"Sufuria inasema kofia imetoboka," alisema Mama Emérance.

Kikaruka kisu chenye mpini wa mfupa.

"Sufuria inasema kisu tunacho."

"Sufuria inataka nini basi?" alilia Théophile. Jua lilikuwa linapanda. Pesa zake zote zilikuwa zimelala katika mahema na chakula cha watu kumi.

"Sufuria ni muzee, haitaki vitu vizito. Labda karatasi. Karatasi nyepesi tu."

Théophile alipapasa mfuko wa koti. Tiketi haikuwa na jina. Akapima: tiketi moja, na gunia lenye saa, dhahabu na redio. Kwa saa moja tu ya Barthélemy angenunua tiketi nyingine bandarini kabla meli haijapiga honi. Hesabu ilikuwa rahisi, hata mtoto wa darasa la pili angeifanya. Alikunja karatasi, akairusha.

Kiti kililia, goti likalia, na Mama Emérance akasimama.

"Sufuria, mwambie mukwe macho yangu yamefunguka. Mwambie pia Lucie alipopiga pasi koti lake aliona karatasi hii, ya muntu mumoja, nikajiuliza ni mchumba gani anasafiri peke yake. Na mwambie sikutaka watu wamupige. Lucie aliomba asipigwe."

Akashuka njiani, polepole, kuelekea bandarini.

Théophile aliruka juu ya gunia, akalifungua kwa meno. Wakati huohuo, kutoka kileleni, upepo ulileta muziki. Redio. Redio kubwa ya Camille, kwa sauti ya juu kabisa. Ndani ya gunia kulikuwa na mawe, na juu ya mawe saa kuukuu ya mezani ya Mama Emérance, ikisema tik-tik kwa bidii.

Alifikiri juu ya kwenda Moba kwa miguu, mwendo wa siku kadhaa kusini. Akatazama viatu vyake.

Saa sita watu walishuka wakiimba, wekundu kwa jua kadiri walivyoweza. Camille alimkumbatia Théophile.

"Konservatere! Lucie alitueleza. Kuturudishia vitu alfajiri, kwa siri, tuvae kileleni kama wakubwa! Unajua Barthélemy alisema wewe mwizi?"

"Nilisema kidogo tu," alisema Barthélemy, akitazama saa yake ya dhahabu.

"Tutakuja kila Jumamosi! Tena kesho namleta shemeji yangu anayefika na gari la moshi la Kabalo. Banza. Muntu wa wanyama sana yule, mwaka huu alinunua hata kiboko, na anatamani sana kumwona tena aliyemwuzia! Atatoka kituoni moja kwa moja mpaka hapa, yeye na ndugu zake."

Chini sana, ziwani, meli ilikuwa inangoja, ndogo kama punje ya haragwe.

Lucie alipita katikati ya watu, akamwekea Théophile shoka mkononi, kwa upole, kama anayempa mwanafunzi chaki.

"Kata kuni, Konservatere," alisema. "Wageni wa kesho ni watatu."